Molière wa Kushika kwa Kichwa Hatumtaki

Tunajua wengine watauliza: Molière anaingia namna gani katika kitabu cha desturi zetu? Anaingia, tena kwa mlango wa ndoa.

Mchezo wake L'Avare ulionyeshwa mara ya kwanza Paris mwaka 1668. Uwaulize wanafunzi waliousoma kwenye masomo. Watakujibu: Harpagon ni mchoyo, ameficha ekyu 10.000 katika bustani. Basi. Wameshika kwa kichwa, wamepata pointi zao. Lakini kuna mahali ambapo Wafaransa wanacheka mpaka machozi, na mtoto wetu anabaki kimya.

Harpagon anataka kumwoza binti yake Élise kwa Anselme, mwanamume tajiri wa umri mkubwa, juu huyo amekubali kumchukua bila mali ya ndoa. Kila sababu anayopewa ya kungoja au kukataa, anaijibu kwa neno lile lile: bila mali! Sasa mtoto wa Katanga anasikia nini hapo? Hapa kwetu mali inatoka upande wa kijana, inaenda kwa wazazi wa binti. Baba anayetoa binti bila kudai kitu, sie tunamwita mwenye roho nzuri, ama mjinga. Mchoyo? Hata kidogo! Kumbe kwa Wafaransa wa wakati ule, baba wa binti ndiye aliyetoa mali, ikamfuata binti kwa bwana yake. Harpagon anafurahi juu mfuko wake hautafunguliwa. Hilo lisipoelezwa, mchoyo mkubwa wa teatri anageuka baba mkwe mwema, na mwalimu anaendelea tu kuandika ubaoni kwamba ni mchoyo. Kufundisha namna hiyo si kufundisha.

Wengine, hata kati yetu, banasema: tutupe vitabu vya wazungu, turudie hadisi za wazee. Hatukubali. Binti anayetafutiwa mume juu ya faida ya baba, bila kuulizwa moyo wake, iko mambo ya Paris peke yake? Harpagon anahesabu asichotoa. Na sie, tunapoandika ile orodha ndefu ya suti ya baba mkwe, mbuzi, dola, tunahesabu nini? Juu ya nini tunaogopa kijana wa miaka 17 atuulize swali hilo darasani?

Mchezo uchezwe, tena kwa Kiswahili. Nyerere alitafsiri Julius Caesar ya Shakespeare, ikatoka mwaka 1963, halafu Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na lugha haikupasuka. Hapa Lubumbashi kundi la Mufwankolo limechekesha mji kwa Kiswahili cha mji, na kuna wasomi wanaoliona kama kelele tu. Basi wajue kwamba Molière aligawana ukumbi mmoja na Waitalia waliobuni maneno palepale jukwaani, na hakuona haya.

Wachezaji watabishana: mali tuigeuze ifuate njia ya kwetu, ama tuiache ya Kifaransa? Sie tunapendelea iachwe, na watazamaji waelezwe mbele ya kuanza. Lakini wabishane. Katika ubishi huo watajifunza desturi mbili mara moja, ya kwao na ya wengine.

Tunachoomba walimu ni kidogo: sehemu ya kwanza, onyesho la 5. Wachezaji watatu tu, Harpagon, Élise na Valère. Hata jukwaa halihitajiki, sogezeni madawati.