Kama Nyasi Yako Inaishi kwa Mtungi, Umepanda Nyasi Mbaya

Wasee wa Migori na Homa Bay, tuongee ukweli kidogo. Siku hizi kila mtu akijenga anataka ua kama ule ameona TikTok: nyumba ya Karen, nyasi nene kama zulia. Hakuna ubaya. Shida ni vile tunaitafuta. Mtu anaagiza nyasi ya kikuyu kutoka huko juu, analipa fundi, halafu kufika Januari ua umegeuka rangi ya chapati. Kisha utasikia, "Udongo wa huku ni mbaya." Mimi nasema udongo hauna kosa. Tulileta nyasi ya watu wa baridi.

Limuru, ambako kikuyu inajiotea yenyewe, iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Homa Bay umekaa ufuoni mwa ziwa, na ziwa lenyewe liko mita 1,135 hivi. Joto si moja, mvua si moja. Huku kikuyu itakuomba maji kila jioni ya kiangazi.

Na hapo ndipo nakasirika. Hayo maji yanatoka wapi? Boma nyingi hazina mfereji wa kutegemea. Maji yanakuja kwa mtungi wa lita 20, na anayeubeba mara nyingi si mwenye ua. Ni mathe. Ni siste yako, ametoka shule na bado hajafanya homework. Ukimwaga mtungi huo kwa nyasi ndio upige picha, usituambie ni urembo.

Dawa tunaikanyaga kila siku: ukoka. Ile inatambaa kando ya barabara, ng'ombe wanaila, bodaboda zinaipitia, na mvua ikirudi nayo inarudi. Kiangazi itafifia, ndiyo, lakini haijafa. Mbegu hununui, unang'oa tu vipande vyenye mizizi. Chini ya mwembe ukoka hautapenda, kwa sababu unataka jua. Hapo jaribu nyasi ya Pemba, hiyo inavumilia kivuli.

Kama uko upande wa Kendu Bay ama Lambwe kwenye blaki kotoni, usichimbe ikiwa imekauka na kupasuka, utavunja jembe bure. Ngoja mvua za kwanza za Machi ziilainishe. Inua ua kidogo maji yasisimame, changanya mbolea ya ng'ombe iliyooza vizuri, kisha panda vipande kwa umbali wa shubiri moja. Mvua ndiyo itamwagilia. Kwa wiki sita hivi za kwanza, watoto wacheze kwingine. Ukianza kukata, usiondoe zaidi ya theluthi moja ya urefu. Nyasi iliyonyolewa kipara inaungua jua likiwaka.

Najua dani atauliza, "Nyasi ya nini hapa dala? Unafugia nyoka?" Dani ana hoja. Ua uliofagiliwa unaonyesha kila kinachotambaa, na ni heshima ya boma. Basi mwachie sehemu yake karibu na mlango, afagie kama kawaida, na kwingine ukoka ukatwe mfupi. Weka pia mstari wa matofali upande wa shamba, maana ukoka ukiingia kwa maharagwe utaung'oa mpaka uchoke.

Lakini tusifagie ua wote mpaka ung'ae. Mvua kubwa ikipiga ardhi tupu, udongo wa juu unaondoka. Unaingia mtaroni, unafika mto Kuja, unaishia ziwani. Ile rangi ya chai ya maziwa unayoona mtoni Aprili ni mashamba yetu na nyua zetu zikisafiri. Nyasi inashika huo udongo, na hiyo kwangu ni sababu kubwa kuliko picha.

Kwa hivyo kabla umpigie fundi, uliza swali moja tu: hii nyasi itaishi bila mtu kuibebea maji? Kama jibu ni hapana, achana nayo. Panda ile mvua ya kwetu inaweza kulea.