SEHEMU YA 4: Mpanda hadi Dar ni masaa mangapi?

Ndugu zangu, tangu niandike kuhusu rufaa, swali linalojirudia ni moja: "Sista, si ndege ipo? Mpanda hadi Dar ni masaa mangapi?" Leo najibu.

Kwa mstari ulionyooka angani ni kama kilomita 900. Ndege ya pangaboi ikienda moja kwa moja inatumia karibu masaa mawili, ikipitia kiwanja kingine inazidi. Kwa barabara, kupitia Tabora, Singida na Dodoma, ni zaidi ya kilomita 1,300.

Sasa pokeeni na namba ya kwangu. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua, asipopata msaada, anaweza kufariki ndani ya masaa mawili.

Umeona hesabu? Ndege ikiwa inatua Dar, muda wake umeisha. Na hapo sijahesabu kumtoa Karema hadi Mpanda mjini, zaidi ya kilomita 100. Sijahesabu kwamba ratiba ya ndege haijui uchungu umeanza saa ngapi. Sijahesabu foleni ya kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Muhimbili. Na hata kabla hajajifungua, mashirika mengi hayapandishi mjamzito aliyevuka wiki 36.

Mtasema rufaa yetu iende kanda, Mbeya. Sawa. Kupitia Sumbawanga na Tunduma ni zaidi ya kilomita 500. Piga hesabu mwenyewe.

Kwa hiyo wanaosema "Katavi imefunguka" kwa sababu ndege inatua, wanapima safari ya mtu anayekwenda semina na begi lake. Umbali wa mgonjwa haupimwi uwanja hadi uwanja. Unapimwa kutoka alipolala hadi ilipo chupa ya damu na meza ya upasuaji.

Sipingi ndege, jamani. Mgonjwa wa saratani mwenye tarehe yake Ocean Road, anayeweza kukaa kwenye kiti, ndege inamwokoa na mateso ya basi. Lakini hiyo ni rufaa inayosubiri. Dharura haisubiri. Mkichanganya hivi viwili, tutajengewa jengo zuri la abiria huku jokofu la damu halina kitu.

Katavi ni mkoa tangu 2012. Tudai vitu vyenye ukubwa wa mkoa: kila kituo chenye chumba cha upasuaji kiwe na mtaalamu wa usingizi usiku na mchana, umeme wa akiba, na damu ya kutosha. Mwanasiasa akija kuhesabu safari za ndege, mpigieni makofi, kisha mumuulize: kituo cha afya cha hapa kina chupa ngapi za damu leo?

Na wewe unayesoma una sehemu yako. Ukiwa na mjamzito nyumbani, weka namba 115 ya m-mama kwenye simu, kupiga ni bure. Asijifungulie nyumbani kwa kuogopa umbali. Andaa mapema ndugu wawili walio tayari kutoa damu. Na wewe mwenyewe njoo utoe, hata kama huna mgonjwa.

Ukiniuliza tena Mpanda hadi Dar ni masaa mangapi, nitakuuliza mara ya mwisho ulichangia damu lini. Kesho Sehemu ya 5.