Muulize mtoto jirani yake wa kitanda ni nani

Kila Januari stendi za mabasi hujaa matranka, magodoro na ndoo. Mtoto wa kidato cha kwanza anapanda basi, mzazi anabaki amesimama mpaka basi lipotee. Wiki mbili baadaye mtoto anapewa simu ya matroni, anasema, “Naendelea vizuri, mama.” Mama anashusha pumzi.

Nami nilisema hivyo hivyo nikiwa na miaka 13, ilhali usiku uliotangulia nilikuwa nimelia mpaka usingizi ukanichukua. Ndiyo maana nimevutiwa na simulizi za wazee fulani wa Uingereza ambao nao waliondoka nyumbani wakiwa bado watoto.

Mwaka 1920 mkuu wa Jeshi la Anga la nchi hiyo, Hugh Trenchard, alianzisha mpango wa kuchukua wavulana wa miaka 15 au 16 hivi na kuwafundisha ufundi wa ndege kwa miaka mitatu. Kuanzia 1922 kituo chao kikuu kilikuwa Halton, katika jimbo la Buckinghamshire. Kundi la mwisho lilihitimu 1993. Hadi leo wanajiita “Trenchard Brats”, yaani watundu wa Trenchard.

Walikuwa wadogo kweli. Frank Whittle, aliyekuja kubuni injini ya jeti, alifaulu mtihani wa kujiunga lakini akakataliwa kwenye vipimo vya afya kwa sababu ya ufupi. Akafanya mazoezi, akabadilisha mlo, akarefuka, akaomba tena na kupokelewa mwaka 1923 akiwa na miaka 16. Mifupa ilikuwa bado inakua, na tayari alikuwa amevaa sare za jeshi.

Wazee hawa hukutana kila baada ya miaka michache. Kila kundi lililoingia pamoja lilikuwa na namba yake, na mpaka leo wanatambuana kwa namba hizo, kama waliopitia JKT wanavyoulizana, “Wewe ulikuwa operesheni gani?” Wanakumbushana blanketi zilizokunjwa kwa kipimo kila asubuhi, wiki nzima nzima za kupiga tupa kipande kimoja cha chuma, na usiku wa kwanza bwenini, ambapo kila mmoja alilia chini ya shuka akidhani wenzake wamelala. Sasa wanacheka. Kisha wanawakumbuka waliofariki, na kwa kuwa hakuna kundi jipya tangu 1993, kila mara idadi yao inapungua.

Kiafya, mikutano kama hii ina thamani kubwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza mwaka 1938 kufuatilia maisha ya kundi la wanaume, na wakaendelea kwa zaidi ya miaka 80. Waliokuwa wameridhika zaidi na mahusiano yao wakiwa na miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi walipofika 80. Kuwa na mtu wa kukusikiliza kunaupunguzia mwili mzigo wa msongo wa mawazo.

Lakini tusidanganywe na vicheko. Huwa nawasikia wazazi wakisema, “Hata sisi tuliteseka bweni, na tukatoka watu.” Anayekuja kwenye mkutano wa zamani mara nyingi ni yule aliyepata mwenzake wa kuteseka naye. Aliyeonewa akakosa pa kusemea huenda hana hamu ya kurudi kusimulia. Shida ileile inaweza kuwa hadithi ya kuchekesha kwa mmoja na kidonda kwa mwingine, na mara nyingi tofauti ni kama alikuwa na mtu usiku ule.

Mimi nilimpata. Msichana wa kitanda cha juu alinisikia nikilia, akashuka na nusu ya andazi alilokuwa ameficha. Hakusema kitu, tukala. Mpaka leo tunapigiana simu. Wazazi wangu walikuwa wakiniuliza kuhusu ada, madaftari na nafasi niliyoshika darasani. Jina lake hawakuwahi kuliuliza.

Basi mzazi, ukipata dakika tatu za simu, usizimalize kwenye “unaendeleaje?” Muulize jirani yake wa kitanda anaitwa nani. Jana alikula na nani? Akiumwa usiku, atamwamsha nani? Akitaja majina, yakumbuke na uyaulizie tena wiki ijayo. Akikosa hata jina moja baada ya wiki kadhaa, mpigie mwalimu wa malezi.

Na ukisikia mtoto anaumwa tumbo au kichwa kila mara bila sababu kuonekana, halali, hali vizuri, ameporomoka ghafla darasani au anaomba kurudi nyumbani bila kusema kwa nini, usimwambie ajikaze. Nenda shuleni, kaa naye mbali na wenzake na walimu, umsikilize mpaka amalize. Ikibidi, mpeleke kwa mtaalamu wa afya.

Ikifika siku ya kuwatembelea wanafunzi, fungasha chakula cha watoto wawili. Huyo wa pili akija kula, mwombe namba ya mzazi wake.