Fainali za Afrika na Uwanja wa Sumbawanga

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

Tarehe 2 Agosti 2025, katika mchezo wa ufunguzi wa mashindano ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani (CHAN), Taifa Stars iliifunga Burkina Faso mabao 2-0 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam. Bao la pili lilifungwa na beki Mohamed Hussein, maarufu kwa jina la Tshabalala. Kwa wapenzi wa soka wa Sumbawanga jina hilo si geni. Alikuwa katika kikosi cha Simba cha msimu wa 2020/21, msimu ambao mabingwa hao walipanda uwanda wa juu wa Ufipa na kushuka mikono mitupu, baada ya kufungwa bao 1-0 na Tanzania Prisons katika Uwanja wa Nelson Mandela tarehe 22 Oktoba 2020.

Tukio hilo linafaa kukumbukwa sasa, wakati Tanzania, Kenya na Uganda zinajiandaa kwa Fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, ambazo nchi hizo tatu zilikabidhiwa na Shirikisho la Soka Afrika (CAF) Septemba 2023. Mwananchi wa Rukwa ana haki ya kuuliza: ikiwa fedha za umma zinakwenda kwenye viwanja vya miji mikubwa, ukiwamo ule wa watazamaji 30,000 wa Arusha, sisi wa huku tunapata nini?

Jibu la kawaida ni utalii na heshima ya Taifa. Ni jibu la kweli, lakini halimfikii mkulima wa mahindi na ulezi wa Ufipa. Jibu lenye uzito zaidi linapatikana kwa kutazama yaliyowapata majirani zetu.

Nairobi iliandaa Michezo ya Afrika mwaka 1987, na Uwanja wa Kasarani ukajengwa kwa ajili hiyo. Kampala ilipata Uwanja wa Mandela, Namboole, mwaka 1997. Vyote vilikuwa fahari ya Afrika Mashariki. Miaka ilipopita bila matunzo ya kutosha, vikashindwa kukidhi masharti ya CAF. Machi 2023 Uganda ililazimika kuwa "mwenyeji" wa Tanzania mjini Ismailia, Misri, na Stars ikashinda 1-0. Juni 2024 ikawa zamu ya Kenya, ambayo iliikaribisha Burundi, kisha Ivory Coast, si Nairobi bali Lilongwe, Malawi. Mji uliowahi kupokea bara zima ukakosa mahali pa kuipokea timu moja. Viwanja hivyo vilibidi kukarabatiwa kwa gharama kubwa kabla ya kurudi katika CHAN ya 2025, na hata hapo zege halikutosha: baada ya vurugu za mashabiki kwenye milango ya Kasarani, CAF iliagiza watazamaji wa michezo ya Kenya wapunguzwe hadi 27,000.

Kwa hiyo hadhi ya mji mwenyeji haidumu kwa sababu tu iliwahi kutolewa. Hulindwa na mtu anayekata nyasi, fundi anayeziba paa, na halmashauri inayotenga fungu la matengenezo mwaka ambao hakuna mashindano yoyote. Kazi hiyo ni ile ile Dar es Salaam na Sumbawanga, ingawa ukubwa wake hutofautiana.

Hapa ndipo CHAN inapoigusa Rukwa moja kwa moja. Mashindano hayo huchezwa na wanasoka wa ligi za ndani pekee. Mchezaji wa Stars aliyesimama mbele ya maelfu kwa Mkapa hutumia sehemu kubwa ya msimu wake kwenye viwanja vya mikoani, na ubora wa viwanja hivyo huingia miguuni mwake. Stars ilifika robo fainali, ikatolewa na Morocco kwa bao 1-0. Morocco hao hao ndio waliotwaa kombe Kasarani tarehe 30 Agosti.

Prisons, ambao nyumbani kwao kwa kawaida ni Uwanja wa Sokoine, Mbeya, wasingeweza kuihamishia Ligi Kuu Sumbawanga kirahisi bila barabara ya lami kutoka Tunduma, zaidi ya kilomita 220, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Kabla ya lami, safari hiyo wakati wa masika ilikuwa adha tupu. Barabara haikujengwa kwa ajili ya soka, lakini soka lilipita juu yake, na pamoja nalo wageni waliohitaji vyumba, chakula na usafiri. Mama lishe hakusubiri tamko la CAF ili auze wali.

Ipo pia fursa ambayo haizungumzwi sana. Sumbawanga iko takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, sawa na Nairobi. Timu inayotoka pwani na kutarajia kucheza Kasarani ingeweza kuzoea hewa nyepesi hapa kwa gharama ndogo. Ili hilo liwezekane, kiwanja cha ndege ambacho Serikali imekuwa ikikiboresha kingepaswa kupokea ndege za ratiba, na eneo la kuchezea lingepaswa kuwa na nyasi zinazostahimili kiangazi kirefu cha Ufipa, kuanzia Mei hadi Oktoba. Bila maji ya uhakika ya kumwagilia, wazo hilo halina mguu wa kusimamia.

Ligi Kuu haikubaki Sumbawanga. Prisons walirejea Mbeya. Wakati miji mikubwa ikihesabu siku kuelekea 2027, swali ambalo wakazi wa Rukwa wanaweza kuwauliza madiwani wao katika kikao cha bajeti kinachofuata ni dogo kuliko fainali zenyewe: Uwanja wa Nelson Mandela umetengewa kiasi gani mwaka huu?