Nani Amtambue Mhusika? Dhidi ya Uhuru wa Kujiundia

Wahakiki walioanza kuisoma michezo ya video kama matini wamerithi, pengine bila kujua, ubaguzi wa zamani. E. M. Forster alipowagawa wahusika kuwa bapa na duara mwaka 1927, kipimo chake kilikuja kutumiwa kuzishusha hadhi ngano na masimulizi ya Kiafrika. Leo kipimo hicho hicho kimehamia kwenye michezo ambayo mchezaji huingia katika ulimwengu wa kubuni akiwa mhusika. Mchezo unaomtaka achague mapema kuwa mpiganaji, tabibu au mwizi, kisha ukamfungia humo, huitwa wa kitoto. Ule unaomwachia ajiumbe apendavyo, kwa sura, ujuzi na silaha, husifiwa kuwa umekomaa. Dai hili limevaa joho la ukombozi, lakini ni dai pofu.

Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974, ulikuwa na makundi matatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mhakiki wa leo huona kizimba. Haoni kwamba kundi lilimpa kila mchezaji sababu ya kuhitajiwa na wenzake. Kasisi akikosekana, pengo lake lilionekana. Skyrim wa mwaka 2011 uliyafuta makundi hayo. Matokeo yake, mchezaji aweza kuwa mkuu wa chuo cha wachawi akiwa hajui uchawi wa maana, huku akiongoza wezi na wapiganaji, na katika nchi ile hakuna anayeshangaa. Huo ni ulimwengu usio na macho. Morrowind wa mwaka 2002, ambao ni wa mfululizo ule ule, ulimruhusu mchezaji kujiundia kundi lake na hata kulipa jina. Lakini vyama havikumpandisha cheo mpaka ujuzi wake utoshe, na kuingia katika nyumba kuu moja kulimfungia milango ya nyingine mbili. Aliyejiunda alihitaji bado kutambuliwa.

Kutambuliwa ndiko kunakokosekana katika mjadala mzima, na wenyeji wa miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya wangeweza kuuelekeza. Huko Embu, vizazi vya Nyangi na Kimanthi vilipokezana uongozi, na hakuna mtu aliyechagua kizazi chake. Huko Meru, vijana walipita marika, na baadaye wachache wakateuliwa kuingia Njuri Ncheke. Yasidaiwe hapa kwamba mpangilio huo ulikuwa pepo. Njuri ilikuwa ya wanaume. Mwenye haraka atasema basi kwamba hiyo ni jela ya jadi, na mtu huru ni yule anayeitoroka.

Historia ya Meru inamkanusha. Aprili 1956, kwa msukumo wa watawala wa kikoloni, Njuri Ncheke ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana. Wasichana walijibu kwa kujikata wenyewe na kukatana. Wakaitwa Ngaitana, yaani “nitajitahiri mwenyewe”. Utafiti wa Lynn Thomas unaonyesha kwamba katika miaka mitatu zaidi ya watu 2,400, wasichana, wanawake na wanaume, walishtakiwa katika mahakama za Waafrika. Madhara ya ukeketaji hayana mjadala, na sheria ya Kenya ya mwaka 2011 imeuharamisha. Linalohusu hapa ni umbo la tendo. Hawa walijiunda kwa mikono yao, kwa maana kavu kabisa ya neno, dhidi ya wazee na dola. Walichotaka ni kuingia katika rika, si kulitoroka: wawe wanawake machoni pa jamii iliyojua mwanamke ni nani. Pasipo macho hayo, tendo lile lisingekuwa na maana hata kwa aliyelitenda.

Itajibiwa kwamba mchezo ni mchezo tu. Wanaojibu hivyo ndio hao hao wanaouweka katika mtaala kuwa kielelezo cha mhusika aliyekomaa. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko Nchiru, mahali palipo pia makao ya Njuri Ncheke. Mwanafunzi wa huko akifundishwa kwamba mhusika asiyetambuliwa na yeyote ndiye mhusika duara, anaambiwa pia, kwa ulimi wa kitaaluma, kwamba nyanya yake alikuwa bapa.