Wachana na Embarambamba Kidogo: Nani Bado Anaimba Kanisani Gusii?

Machi 2024 bodi ya filamu, KFCB, ilimwambia Embarambamba atoe vidio zake mtandaoni. William Getumbe naye aliambiwa hivyo hivyo, juu ya wimbo ambao hata jina lake hatuliandiki hapa. Embarambamba akaomba msamaha, wasee wakacheka siku mbili tatu, stori ikapoa. Lakini kuna maneno yalibaki mtaani: ati muziki wa injili wa Kisii umeisha.

Pole pole. Msee anayejiviringisha kwenye matope na kupanda miti anatafuta watazamaji YouTube, na amewapata. Hakuna kanisa Keroka ama Ogembo linaimba nyimbo zake Jumamosi asubuhi. Kama unataka kujua muziki wa ibada uko hali gani Kisii na Nyamira, wachana na simu kidogo, angalia watu walioketi kwenye mabenchi. Wanaimba ama wanatazama tu?

Wakatoliki wa Mill Hill walianza misheni Nyabururu 1911. Wasabato walikuwa tayari Gendia, kule kando ya ziwa, tangu 1906, na hawakukawia kupanda milima hadi Nyanchwa. Walikuja na nyimbo za Marekani na Uingereza, zikatafsiriwa, watu wakafundishwa. Sasa hapa kuna kitu wengi wetu hatukuambiwa: Ekegusii ni lugha ya toni. Sauti ikipanda ama ikishuka, maana inaweza kugeuka. Tyuni iliyotungwa Marekani haijui hiyo mambo, inapanda pale inapotaka, na maneno yanafuata tu kama mbuzi anayevutwa kamba. Wazee wetu walizifundisha masikio yao kuelewa hivyo hivyo.

Na wakazifanya zao, hiyo lazima tukubali. Nenda makambi ya Wasabato mwezi wa Agosti, usikie umati mzima ukigawana soprano, alto, tena na besi bila chombo chochote. Hakuna mwalimu wa muziki amewalipisha. Mathee anayeuza ndizi Daraja Mbili anashika alto yake bila kuangalia kitabu, juu ameiimba tangu akiwa mtoto. Hiyo ni shule ya muziki ya bure, na imekuwa ikifunza Gusii kwa karibu miaka 100.

Kilichoachwa mlangoni ni obokano. Ile zeze kubwa ya nyuzi nane, yenye sauti nzito ya kunguruma, ilikuwa inapigwa kwa sherehe na pombe, kwa hivyo wamisheni hawakuitaka. Wakatoliki walilegeza kamba baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, ngoma na kayamba zikaingia Misa. Kwa Wasabato, ukitaja ngoma tu bado unaanzisha mkutano wa saa tatu. Cha kushangaza, kwenye Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza 1927, mwanafunzi wa Kisii anapiga obokano na kupewa alama za juu. Jumamosi akifika kanisani na chombo hicho hicho, anaangaliwa kama amebeba chupa.

Sasa ile shule ya bure ndiyo iko na noma. Ibada nyingi zimegeuka shoo ya kwaya. Kwaya ya kwanza inaimba, ya pili inaimba, kuna ya wageni, halafu kuna moja inazindua albamu na unaombwa uchange doh. Waumini wanapewa beti mbili za kufungua na mbili za kufunga. Makanisa mapya ya mjini yana kibodi na spika kubwa kiasi kwamba hata ukiimba vibaya hakuna mtu atajua, na hata ukinyamaza hakuna atajua. Mimi naona hiyo ya kunyamaza ni mbaya kuliko matope yote ya Embarambamba.

Wanaoumia zaidi ni vijana wa Nairobi wanaorudi ocha kwa matanga. Wimbo wa Ekegusii unaanza kaburini, wazee wanaushika, kijana anafungua simu kutafuta maneno, akiyapata beti ya tatu imepita. Anabaki kunung'unika tu. Kwa wengi wa hao, kitabu cha nyimbo ndiyo Ekegusii ya mwisho iliyobaki kwa nyumba, juu hapo kwa keja wanaongea Sheng na Kiswahili.

KFCB haiwezi kusaidia hapo. Anayeweza ni yule anayepanga ibada. Kwaya ikae katikati ya watu badala ya kusimama mbele, vijana wafundishwe sol-fa tena, na watungaji wanaojua Ekegusii waandike nyimbo mpya ambazo tyuni yake inafuata lugha. Obokano ikija, ije. Mwenye wasiwasi na pombe apekue mfuko wa mpigaji, aache nyuzi.

Ratiba ya muziki wa makambi ya Agosti hupangwa mapema, na wasee wachache tu wa kamati. Zile hasira zote zilizomwagwa kwa komenti za Embarambamba, hao wa kamati hawajawahi kuzisikia.