Modeli ipimwe kwa masika na vuli, si kwa wastani wa mwaka

Kimya kilikuwa kirefu, lakini mnajua wenyewe msimu huu wa risechi ulivyo. Maabara ya kompyuta inajaa mpaka usiku, na kila meza kuna mtu ana ramani ya Afrika Mashariki yenye rangi za bluu na nyekundu. Wengi darasani kwetu wamechukua mada za mabadiliko ya tabianchi, na neno linalosikika kila kona ni moja: "Nimeshalinganisha modeli yangu na vipimo, imekubali."

Ukiuliza imekubali vipi, unaonyeshwa grafu moja: wastani wa mvua kwa mwaka, Tanzania nzima, mistari miwili iliyokaribiana. Basi, sura ya nne imekwisha, tuendelee na makadirio ya mwaka 2050.

Mimi leo naomba kutofautiana na hao ndugu zangu. Nasema modeli iliyopata jumla ya mwaka kwa kukosea masika na kukosea vuli imefeli, hata kama mistari inalaliana kama pacha. Na zana tulizonazo zinaweza kulionyesha hilo kwa dakika chache, tatizo ni kwamba hatuziulizi.

Kwa wale wa vitivo vingine, niwaeleze kidogo. Modeli ya tabianchi ni programu kubwa ya kompyuta inayokokotoa mwendo wa hewa, bahari, joto na maji kwa kanuni za fizikia. Dunia inakatwa visanduku, na kwa modeli nyingi za dunia nzima kisanduku kimoja kina upana wa kilomita 100 au zaidi. Matokeo ya vituo vingi vya utafiti duniani hukusanywa pamoja, na mkusanyo uliotumika kwenye ripoti kubwa ya IPCC ya mwaka 2021 unaitwa CMIP6. Humo kuna sehemu ya kuigiza historia, inayoishia mwaka 2014. Sehemu hiyo ndiyo mtihani wenyewe: kama modeli haiwezi kuonyesha tabianchi ambayo tumeshaipima, kwa nini tuiamini kwa ile ambayo haijafika?

Sasa turudi kwetu. Pwani na kaskazini mwa nchi tuna mvua mbili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Kule Dodoma, Mbeya, Songea na sehemu kubwa ya kusini na magharibi, mvua ni moja tu, inaanza karibu Novemba na kuishia Aprili. Ukichukua wastani wa nchi nzima umeshachanganya watu wawili wasiojuana, halafu unasema umepima tabia yao.

Ubaya zaidi, watafiti walishaonyesha kwa miaka mingi kwamba modeli nyingi zenye bahari na anga pamoja zina kasoro ile ile katika ukanda wetu wa mvua mbili: vuli zinaizidisha, masika zinaipunguza. Chukueni mfano wa namba nilizotunga ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme mahali fulani masika ni milimita 400 na vuli ni 200, jumla 600. Modeli inakupa masika 250 na vuli 350. Jumla? 600! Kwenye grafu ya mwaka mzima modeli hiyo inapata alama A. Lakini imegeuza nchi juu chini, msimu mkubwa umekuwa mdogo na mdogo umekuwa mkubwa. Mkulima wa mahindi hapandi kwa wastani wa mwaka, jamani. Anapanda mvua ya Machi ikinyesha, na ikikosekana anakosa chakula.

Tena kosa hili lina chanzo kinachochunguzika. Sehemu kubwa iko Bahari ya Hindi. Modeli nyingi zinaweka joto na upepo wa bahari hiyo visivyo sawa, upande wa magharibi, yaani huku kwetu, unakuwa na joto la kupita kiasi wakati wa vuli, na mvua inavutwa huku. Modeli hizo zikiendeshwa kwa kupewa joto la bahari lililopimwa kweli, mzunguko wa misimu unasogea karibu na ule tunaoujua. Kwa hiyo kupima kwa msimu kunakwambia modeli imekosea, na kunakuonyesha pia pa kwenda kutafuta ugonjwa. Wastani wa mwaka haukwambii chochote katika hayo.

Haya, zana. Kwa kweli kizazi chetu hakina kisingizio. CDO, iliyotengenezwa na taasisi ya Max Planck ya Hamburg, Ujerumani, ni ya bure na ina amri zaidi ya 600. Mstari mmoja unachagua miezi ya Machi, Aprili na Mei, mwingine unatoa wastani wa kila mwezi kwa miaka 30. Kuna ESMValTool, nayo ya bure, ambayo unaandikia faili la maelekezo wanaloliita resipe, kisha inasoma modeli nyingi kwa mpigo na kuweka kumbukumbu ya kila hatua, ili mwenzako akirudia apate kile kile ulichopata wewe. Laptopu ya kawaida inatosha kuanzia.

Lakini zana hazina aibu, zinafanya unachoziambia. Nimeona mambo matatu yanayowapiga watu chenga, nayaweka hapa yasaidie.

La kwanza ni vipimio. Modeli nyingi zinaandika mvua kwa kilo za maji kwa mita ya mraba kwa sekunde, wakati vipimo viko kwa milimita. Kilo moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kina cha milimita moja, na siku ina sekunde 86,400, kwa hiyo unazidisha kwa 86,400 upate milimita kwa siku. Na kalenda pia, angalieni. Baadhi ya modeli za Uingereza zina mwaka wa siku 360, kila mwezi siku 30, yaani kuna tarehe 30 Februari! Ukizilinganisha siku kwa siku na vipimo vya kweli utachanganyikiwa.

La pili ni gridi. Takwimu za CHIRPS, ambazo wengi tunadanlodi kwa sababu ni za bure na zinaanzia mwaka 1981, zina visanduku vya kama kilomita 5. Modeli ina vya kilomita 100. Ndani ya kisanduku kimoja cha modeli kuna kama 400 vya CHIRPS. Njia ya haki ni kuvipandisha vile vidogo viende kwenye gridi ya modeli, kwa njia inayotunza jumla ya maji. Usiichane modeli vipande vya kilomita 5 ukadhani imepata macho mapya. Ndani yake Kilimanjaro yenye mita 5,895 imesawazishwa ikawa kilima kipana. Haiwezi kukupa tofauti ya mteremko wa kusini wenye migomba na Same iliyo kavu.

La tatu, na hili ndilo naliona sana, ni watu kulinganisha mwaka kwa mwaka. Eti "modeli imekosa El Niño ya 1997, ni mbovu." Hapana! Modeli inayojiendesha yenyewe haikuahidi El Niño mwaka 1997. Ina El Niño zake, katika miaka yake. Unachopaswa kupima ni kama, zikitokea, vuli yetu inaongezeka kama inavyoongezeka kweli. Linganisheni tabia ya miaka 30, msilinganishe kalenda ya matukio.

Kuna pia ule mchoro wa Taylor, ambao Karl Taylor aliuchapisha mwaka 2001 na sasa uko kwenye kila tasnifu. Ni mchoro mzuri, unaweka modeli nyingi kwenye picha moja. Lakini katika umbo lake la kawaida wastani umeondolewa kabla ya hesabu. Maana yake modeli inayonyesha mara mbili ya mvua ya kweli inaweza kukosa kuonekana kwa kosa hilo. Ukiutumia, weka pembeni jedwali la kosa la wastani, kwa kila msimu.

Na hivyo "vipimo" vyenyewe je? Hapa najua nitagusa watu. Wengine wanachukua ERA5 na kuiita data halisi. ERA5 ni kazi kubwa na nzuri, lakini mvua yake inatoka kwenye modeli ya utabiri iliyoongozwa na vipimo. Ukipima modeli yako kwa mvua hiyo peke yake, umemwita shahidi ambaye ni binamu wa mshitakiwa. CHIRPS nayo inaanza na joto la vilele vya mawingu linaloonwa na setilaiti, kisha inasahihishwa na vituo vya ardhini. Pale ambapo vituo ni vichache, na Afrika ni vichache kweli, kilichobaki ni makisio. Ndiyo maana nasema tumia angalau seti mbili, na pale unapoweza weka kituo cha ardhini. Seti zikitofautiana zenyewe kwa milimita 100, usiihukumu modeli kwa kosa la milimita 50.

Kuna watakaosema, "Mbona unatuchosha, kosa si linarekebishwa kwa takwimu?" Ni kweli, kuna njia za kuivuta mvua ya modeli mpaka ifanane na ya vipimo. Zina kazi yake. Lakini wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa watu wanapaka chokaa juu ya ufa. Ukisharekebisha namba, wastani wa masika utakuwa sahihi kwa lazima, ila upepo na bahari vilivyoleta kosa vimebaki vile vile, navyo ndivyo vitakavyoamua mvua ya 2050. Kwa hiyo pima kwanza, rekebisha baadaye, na ripoti yote mawili.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu masika yetu ilishatupa fumbo. Kuanzia miaka ya 1980 mpaka karibu 2010 masika ya Afrika Mashariki ilipungua, huku modeli nyingi zikisema itaongezeka siku zijazo. Watafiti waliliita kitendawili. Baadaye ikaonekana kwamba katika kipindi kile msimu ulifupika, ulichelewa kuanza na kuwahi kuisha, na miaka kama 2018 na 2020 ilileta masika kubwa. Halafu Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia mvua ilifeli misimu mitano mfululizo, kutoka mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, na vuli ya 2023 ikaja na mafuriko. Mtu anayepanga bwawa, mfereji au mbegu katika hali hiyo anahitaji kujua modeli ipi inaielewa masika na ipi imebahatisha jumla.

Sisemi modeli zitupwe. Kwenye joto zinakubaliana na vipimo vizuri tu kuhusu mwelekeo, na bila hizo tusingekuwa na namna ya kuuliza swali la kesho. Ninachosema ni kwamba hao wenye kompyuta kubwa huko ng'ambo hawalali wakiiwaza masika ya Korogwe. Anayejua kwamba Aprili bila mvua ni balaa ni sisi, na hilo swali tusipoliuliza sisi, zana haitaliuliza yenyewe.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaokabidhi tasnifu mwezi huu ni dogo. Kabla ya ramani ya 2050, weka ukurasa mmoja: miezi 12, mstari wa modeli, mistari miwili ya vipimo, kwa ukanda wa mvua mbili peke yake na ukanda wa mvua moja peke yake. Modeli ikiweka kilele cha mwaka Novemba badala ya Aprili, iandike hivyo hivyo, kwa wino mweusi. Msimamizi akiuliza kwa nini umebakiwa na modeli nne kati ya kumi, utakuwa na jibu.

Nawasilisha. Asiyekubali aje na grafu yake, tena ya miezi 12.